Marakaraka: rangi zisizo na mwenyeji wala mgeni

Niliwahi kupewa kitini cha ufugaji nikihariri. Chini ya picha moja paliandikwa: "Ng'ombe mweupe mwenye madoadoa meusi." Nikaitazama picha, nikarudia kuitazama. Bega lote la kushoto lilikuwa jeusi hadi chini ya goti. Tumbo lilikuwa jeupe. Mgongoni weusi ulishuka kama ramani ya nchi, ukakutana na weupe uliopanda kutoka kiunoni, na usoni rangi hizo mbili ziligawana paji katikati kabisa. Nikajiuliza: nani ameamua kwamba ng'ombe huyu ni mweupe? Mwandishi angesema ni mweusi mwenye madoadoa meupe, angekuwa amekosea wapi?

Kiswahili kina neno la ng'ombe huyo. Ni marakaraka. Nalipenda neno hili, na linaniuma kuona linavyosukumwa pembeni, kwa sababu kazi linayoifanya hakuna jingine linaloifanya vilevile. Siku hizi kila kitu chenye rangi zaidi ya moja kinaitwa madoadoa: chui madoadoa, paka madoadoa, jani la muhogo madoadoa, ngozi ya mgonjwa madoadoa. Maneno haya ni majirani, lakini kila moja lina mlango wake.

Tuanze na mzizi. Ndani ya marakaraka mna raka, na raka tunalijua wote kwa umbo lake dogo, kiraka. Kiraka ni kipande cha kitambaa kinachoshonewa juu ya tundu. Sasa chukua shati lililotiwa kiraka kwenye kiwiko. Bado ni shati la buluu lenye kiraka chekundu. Litie kiraka cha pili begani, cha tatu mfukoni, cha nne mgongoni, kila kimoja cha kitambaa chake. Endelea hivyo miaka kadhaa. Itafika siku utalishika shati lile mkononi na hutaweza kusema kitambaa cha asili kilikuwa kipi. Viraka vimekuwa ndiyo shati. Hapo umeiona maana ya marakaraka kwa macho: uso uliojaa vipande vya rangi mbalimbali, vikubwa kwa vidogo, visivyo na mpangilio, wala hakuna rangi moja unayoweza kuiita ya chini na nyingine ukaiita ya juu.

Doa lina hadithi tofauti. Doa huhitaji mahali pa kuangukia. Kunakuwa na kanzu nyeupe kwanza, kisha kahawa ikamwagika. Kwa hiyo ukisema doa umekwisha kusema mambo mawili: kwamba kuna rangi yenye mahali pake, na kwamba kuna nyingine iliyokuja juu yake. Mara nyingi unaongeza la tatu bila kukusudia, kwamba iliyokuja haikutakiwa. Ndiyo maana tunasema fulani ametia doa jina la familia, na sabuni zinasifiwa kwa kuondoa madoa sugu. Neno waa nalo lina tabia hiyo hiyo, ingawa sasa limebaki zaidi katika lugha ya ibada, pale mwanakondoo anaposemwa kuwa hana ila wala waa.

Doa likirudiwa, likawa madoadoa, ule ukali hupungua. Chui ana madoadoa na hakuna anayemlaumu. Lakini wazo la mwenyeji na mgeni linabaki: chui ana rangi yake ya manjano ya nyasi kavu, na juu yake kuna alama nyeusi zimetapakaa. Ukimsogelea, kwa picha bila shaka, utaona kwamba madoa mengi ya chui yana tundu katikati, mfano wa vipete vilivyovunjikavunjika, ilhali ya duma ni duara zilizojaa weusi. Wote wawili ni wa madoadoa. Hakuna anayepata shida kusema rangi yao ya chini ni ipi.

Kwa hiyo kipimo changu ni swali moja: rangi ya chini ni ipi? Likijibika papo hapo, una madoadoa, au vipaku kama alama ni ndogo na za karibu karibu. Ukisita, ukaanza kugeuza kichwa huku na huku, una marakaraka.

Kipimo hiki kinafaa hata angani. Jua lina madoa, na wataalamu wa Kiswahili waliposema madoa ya jua hawakukosea: ni sehemu zenye joto la chini kuliko zinazozizunguka, kwa hiyo zinaonekana nyeusi juu ya uso ambao wote ni mwangaza. Swali linajibika. Mwezi ni mgumu zaidi. Yale maeneo meusi unayoyaona ukiwa mpevu ni nyanda za mwamba wa volkeno uliowahi kuwa uji wa moto, nayo yanafunika takriban asilimia 16 tu ya uso wake wote, lakini karibu yote yamekusanyika upande unaotuelekea sisi. Mtu aliye duniani ana haki ya kusema mwezi una mabaka. Angeuona upande wa pili, huenda neno hilo lisingemjia.

Nimetaja mabaka, na hapa pana utajiri. Baka ni eneo la rangi tofauti, pana kuliko doa, lenye kingo zinazoonekana, na mara nyingi ni la mwilini. Halisemi lolote kuhusu uchafu. Bato ni ndugu yake wa karibu, nalo ndilo lililokwenda shambani. Ugonjwa wa muhogo unaoyafanya majani yawe na mchanganyiko wa kijani na manjano, yakajikunja na kudumaa, wakulima na maafisa ugani wa Tanzania wanauita batobato. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, na husababishwa na virusi vinavyoenezwa na inzi weupe pamoja na kupanda vipando vilivyokwisha kuambukizwa. Ugonjwa wa pili unaouandama muhogo unaitwa michirizi ya kahawia. Tazama jinsi majina haya yanavyofanya kazi. Batobato inamwambia mkulima aangalie upana wa jani, rangi zimegawanaje. Michirizi inamwambia afuate mistari, kwenye vishipa vya jani na kwenye shina, kisha apasue mzizi aone kama umeoza kwa rangi ya kahawia, maana shamba laweza kuonekana halina neno hadi siku ya kuvuna. Magonjwa yote mawili yangeitwa madoadoa, mkulima angepoteza nusu ya maarifa yaliyomo ndani ya jina.

Familia yenyewe bado ni kubwa. Kuna milia, mistari mipana ya rangi inayozunguka mwili, iliyompa pundamilia jina lake. Kuna vipaku, ambavyo namwekea ndege kanga: mwili wa kijivu cheusi, na juu yake nukta nyeupe ndogo zilizotawanyika kwa usawa kana kwamba zilipimwa. Husimuliwa kuwa vazi la kanga lilipata jina kutokana na manyoya hayo. Na kuna rangirangi, neno pana linalosema tu kwamba rangi ni nyingi, bila kugusa umbo. Upinde wa mvua ni wa rangirangi. Hauwezi kuwa marakaraka, kwa sababu rangi zake zimejipanga foleni.

Sasa twende kwenye maandishi ya kale, maana kuna mahali ambapo maneno haya yaliwekwa kwenye mizani ya mkataba. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, Yakobo anapatana na Labani kuhusu ujira wake. Hatalipwa fedha. Atachukua kundini mbuzi wenye rangi mchanganyiko na kondoo weusi, na mbuzi yeyote wa rangi moja, au kondoo asiye mweusi, atakayekutwa kwake ahesabiwe kuwa wa wizi. Ukiufikiria vizuri, huo ni mkataba unaosimama juu ya maneno ya rangi. Neno likilegea, mbuzi anahama mwenyewe.

Kiebrania cha sura ile kinatumia maneno matatu kwa alama za wanyama. Moja linatokana na nukta. Jingine linatokana na kufunga, kama mshipi unaozunguka mwili. Na lile la kati, talu, linatokana na mzizi wenye maana ya kutia kiraka. Mzizi huohuo unatumika katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, kwa viatu vikuukuu vilivyotiwa viraka. Mara ya kwanza nilipolijua hili nilisimama nikazunguka chumba. Watu wawili walio mbali kabisa, kwa nyakati na kwa nasaba ya lugha, walimwangalia mbuzi yuleyule wakamwona amevaa nguo ya viraka. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inayaweka madoadoa na marakaraka bega kwa bega katika sura hiyo, na milia nayo imo. Waliotafsiri hawakulundika maneno kwa ajili ya madoido. Kiswahili kilikuwa na sanduku lenye zana za kutosha, wakatoa kila moja kwa kazi yake.

Ila maumbile hayakusoma kamusi, na ni haki kulisema hilo pia. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alichapisha kazi aliyoeleza ndani yake jinsi mwili usio na alama yoyote unavyoweza kujichora wenyewe. Tuseme kuna kemikali mbili zinazosambaa katika ngozi ya kiinitete, yaani mimba changa inayoanza kuumbika. Ya kwanza inachochea, tena inajichochea yenyewe izidi. Ya pili inazuia. Kama ile inayozuia inasambaa kwa kasi zaidi, uchochezi utashika hapa, ukazimwa pembeni yake, ukashika tena mbele kidogo. Badilisha kasi, au ukubwa wa eneo, na hesabu ileile itakupa madoa, milia, au mabaka yasiyo na umbo. Kwa hiyo kati ya madoadoa na marakaraka hakuna ukuta. Kuna mteremko, na lugha imechimba mitaro mahali ilipoona panafaa.

Twiga anakaa hasa kwenye mteremko huo. Je, ni mnyama wa kahawia mwenye wavu mweupe, au ni mweupe mwenye vipande vya kahawia? Mimi humwita wa mabaka, kwa kuwa kila kipande kina kingo safi na vyote ni vya rangi za jamaa moja. Mtu akiniambia ni marakaraka sitabishana naye. Akisema madoadoa nitamwomba atazame tena.

Asiyehitaji mjadala ni paka wa rangi tatu, yule mwenye weusi, rangi ya machungwa na weupe. Huyo ni marakaraka kwa mzizi na kwa tawi, na namna anavyopata rangi zake inaonyesha kwa nini swali la rangi ya chini halimhusu. Jeni, yaani agizo la urithi, inayoamua kama unywele utakuwa wa machungwa iko kwenye kromosomu ya X, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Paka jike ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Tuseme moja ina agizo la machungwa na nyingine haina. Mapema sana, akiwa bado kiinitete, kila seli yake inanyamazisha X moja, na hakuna anayeichagulia iwe ipi. Mwanabiolojia Mary Lyon wa Uingereza ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1961. Seli iliyonyamazisha X ya baba itazaa seli zinazonyamazisha X ya baba, maisha yote. Jirani yake aliyenyamazisha ya mama atafanya vivyo hivyo. Watoto wa seli hizo wanaenea ngozini kama koo mbili zinazogawana ardhi, na mipaka yao ndiyo unayoipapasa ukimkuna paka mgongoni: hapa machungwa, vidole viwili mbele weusi. Weupe ni kisa cha jeni nyingine, ni pale ambapo seli za rangi hazikufika. Dume huwa na X moja tu, kwa hiyo paka dume wa rangi tatu ni adimu sana, na kwa kawaida akipatikana huwa na X ya ziada. Jeni yenyewe ya machungwa ilitafutwa kwa miongo mingi, na mwaka 2025 ndipo makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na jingine la Marekani, yalipochapisha matokeo yanayoitambua.

Desemba 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, alizaliwa paka wa kwanza aliyetengenezwa kwa kunakili seli ya paka mwingine. Waliyemnakili alikuwa wa rangi tatu. Mtoto, aliyepewa jina CC, hakuwa na unywele hata mmoja wa machungwa. Jeni zao zilikuwa zilezile, ila seli iliyochukuliwa ilikuwa imekwisha kunyamazisha X moja. Marakaraka hayanakiliki. Kila paka wa namna hiyo ana ramani yake, nayo haijawahi kuchorwa kabla yake.

Kutoka kwa paka naomba tuje kwa watu, na hapa ndipo uchaguzi wa neno unapoacha kuwa suala la ufasaha.

Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye mabaka ya kahawia, mengine meusi kama chokoleti. Hali hiyo ikapewa jina la doa la kahawia la Colorado. Jina linaelekeza mawazo. Ukisikia doa unatafuta kilichomwagika: chakula gani hicho, uchafu gani, nani hapigi mswaki? Ilichukua miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji akakuta floridi nyingi. Chanzo hakikuwa uchafu uliolipaka jino kwa nje. Mtoto alikunywa maji hayo wakati jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, nalo likajengeka na hitilafu hiyo mwilini mwake. Mswaki hauitoi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na yako maeneo mengi ya Bonde la Ufa ambako kiwango hicho kinapitwa, kwa hiyo Waswahili wengi wanalijua jambo hili kwa kujitazama kwenye kioo. Kumwambia mtu wa namna hiyo ana madoa kwenye meno ni kumshtaki uvivu ambao hakuufanya. Mabaka yanatosha, nayo ndiyo ukweli.

Ngozi ni vivyo hivyo. Kuna hali ambayo seli zinazotengeneza rangi hufa mahali fulani, na ngozi inabaki nyeupe katika maeneo yanayopanuka polepole, usoni, mikononi, kuzunguka midomo. Wazee waliiita balanga, na jina hilo likabeba hofu ya ukoma, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Hali hii haiambukizi. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 0.5 na 2 ya watu duniani wanayo. Hakuna kilichoingia kutoka nje kikaipaka ngozi, kwa hiyo sioni namna neno doa linavyoweza kuwa sahihi hapo. Tuseme ana mabaka meupe, basi. Na kama mwenyewe, kwa kujipenda, akasema yeye ni marakaraka, analo neno zuri la zamani lisilo na lawama ndani yake.

Kuna wakati mwingine ngozi inapogeuka marakaraka kwa saa chache. Mtoto mchanga akipata baridi, miguu na mapaja yake yanaweza kutoka wavu wa zambarau na weupe, mfano wa jiwe la marumaru, na akifunikwa akapata joto wavu unapotea. Kwa mtu mzima aliye mahututi ishara hiyohiyo ina uzito mwingine. Damu inapopungua kufika kwenye ngozi, zambarau na weupe huanza kuchanganyika kwenye magoti kisha kupanda mapajani, na madaktari wa wagonjwa mahututi wana kipimo cha 0 hadi 5 cha kueleza umbali ilikofika. Muuguzi anayeandika "ngozi ina madoa" atamfanya daktari afikirie upele. Akiandika kwamba ngozi ya magoti imekuwa marakaraka, zambarau na nyeupe, ameeleza alichokiona.

Kwa upande wa nguo, neno lililoshika ni mabaka, au mabakamabaka kama wengi wanavyotamka: sare za mabaka, kofia ya mabaka. Jeshi la Italia lilianza kuchapisha kitambaa cha namna hiyo kwa wingi mwaka 1929, na mengine yakafuata. Werevu wa kitambaa hicho uko kwenye swali letu lilelile. Jicho linamtambua mtu kwa kingo zake, pale bega linapoishia na kichaka kinapoanza. Mabaka makubwa yanayopita juu ya bega na kukatika katikati ya kifua yanalivunja umbo hilo vipande vipande, na jicho linabaki linatafuta rangi ya chini ambayo haipo. Kwa kipimo changu nguo hiyo ingestahili kuitwa marakaraka. Lakini watu wameshaichagulia jina, na mimi si wa kuwapinga.

Ninalolipinga ni hili. Nchini Kenya, tangu mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990 katika Bonde la Ufa, neno madoadoa limetumiwa majukwaani kwa watu wa makabila mengine wanaoishi mahali ambapo msemaji anadai ni pa kwake. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiorodhesha miongoni mwa maneno yanayoweza kuchochea chuki. Wapo waliosema tume imevuka mpaka, kwamba hili ni neno la chui na mbuzi tu. Nadhani mpaka hapa msomaji ameshaona kwa nini si hivyo. Anayewaita jirani zake madoadoa amekwisha kutangaza kwamba kuna rangi ya chini, kwamba ni yake yeye, na kwamba wengine wote ni kitu kilichomwagikia hapo. Hata hahitaji kusema doa hufanywa nini. Kila anayemsikiliza amewahi kufua nguo.

Kwa anayetaka kulitumia marakaraka, sarufi yake haina ugumu, ila ina mambo machache ya kuangalia. Likiwa nomino huchukua upatanisho wa ya-: marakaraka yake yanapendeza. Likieleza kitu kingine unaweza kulitanguliza kwa -enye au -a, mbuzi mwenye marakaraka, kitambaa cha marakaraka, au ukalibandika lilivyo, kuku marakaraka. Kwa mtindo huo wa mwisho halibadiliki kamwe, kama yasivyobadilika safi na hodari. Hakuna mrakaraka wala virakaraka. Umoja pia hauna maana, kwani raka moja haliwezi kufanya marakaraka, kama ambavyo tone moja haliwezi kuwa matonetone.

Angalia pia kirudiwacho. Katika madoadoa, matonetone na marakaraka, ma- inatajwa mara moja kisha shina linarudiwa, na matokeo yake ni sura ya kitu kizima, hali yake. Ukirudia neno zima, mafungu mafungu, makundi makundi, unasikia kugawanya, kimoja baada ya kingine. Sikio langu linaona tofauti hiyohiyo kati ya mabakabaka na mabaka mabaka, ingawa najua wengi huyachanganya na lugha haijaanguka. Kwa marakaraka hakuna uchaguzi: sijawahi kumsikia mtu akisema maraka maraka. Neno limeshikana, viraka vyake havifumuki.

Yule ng'ombe wa kwenye kitini nilimwandikia upya: "Ng'ombe marakaraka, mweusi na mweupe." Mwandishi aliponirudishia rasimu alikuwa ameweka alama ya kuuliza kando ya mstari ule. Nikamtumia picha ileile, nikamwomba anionyeshe kwa kidole mahali ambapo ng'ombe anaanzia na madoa yanapoanzia. Baada ya siku mbili rasimu ikarudi, alama ya kuuliza imefutwa, na chini ya picha ya mbuzi kwenye ukurasa uliofuata, ambayo sikuwa nimeigusa, madoadoa yamekatwa kwa kalamu na juu yake pameandikwa marakaraka.